Mche Ulipewa Kitalu, Mtu Akapewa Ngwe

Historia ya mkonge nchini mwetu huanza kusimuliwa kwa miche 62. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, na ilipofika Tanga iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, ikapaliliwa, ikazaa, na uzao wake ukaenea mpaka Muheza, Korogwe na Ngombezi. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bahati, lakini ndani yake mna somo ambalo wasimulizi hulipita haraka: wenye mashamba walijua tangu mwanzo kwamba kiumbe kilichohamishwa kinahitaji muda. Mpaka leo mche wa mkonge hukaa kitaluni mwaka mzima au zaidi kabla ya kupelekwa shambani, na huko shambani husubiriwa tena miaka kama mitatu kabla jani lake la kwanza halijakatwa. Mtu aliyeletwa kulikata jani hilo hakupewa kitalu. Alipewa kisu, kadi na ngwe. Hoja ya makala haya ni kwamba ugumu wa kazi ya mkonge, pamoja na sifa ya uvivu waliyobandikwa walioifanya, vilitokana na namna hesabu ilivyopigwa. Mwili kuzoea kazi nzito kuna gharama yake, na gharama hiyo iliondolewa kwenye vitabu vya shamba ikatwishwa mfanyakazi na jamaa zake waliobaki kijijini.

Kwanza tuelewane kuhusu kuzoea. Watu husema mtu amezoea kazi kana kwamba ni jambo la moyo tu: ameikubali, ameacha kulalamika. Ukweli ni kwamba kuzoea ni kazi ya mwili. Ngozi ya viganja hupasuka, hupona, kisha huwa ngumu. Misuli huumia kwanza ndipo ijengeke, na haijengeki bila chakula wala usingizi. Mahali palipolionyesha jambo hili waziwazi pako mbali sana na Korogwe. Januari 1911 watu wa mpelelezi Mwingereza Robert Falcon Scott walijenga kambi yao Cape Evans, Antaktika, wakaanza kuvuta mizigo juu ya barafu. Walikuwa wanaume waliochaguliwa kati ya wengi waliojitolea, na nia hawakukosa. Hata hivyo posho yao ya safari ilikuwa na nguvu ya kama kilokalori 4,500 kwa siku, ilhali waliochunguza mambo hayo baadaye wamekadiria kwamba kazi ile ilidai zaidi ya 6,000. Walidhoofika siku baada ya siku, na wote watano waliofika ncha ya kusini walifia njiani wakirudi mwaka 1912. Baridi ilichangia, lakini upungufu ule wa chakula ulikuwa umekwisha kuwamaliza nusu. Hakuna aliyewaita wavivu. Ngombezi haina barafu, ila hesabu ya chakula na jasho ni ileile, na wahenga wetu waliisema kwa maneno machache: mwili haujengwi kwa matofali.

Wala elimu hii haikuwa ngeni Afrika Mashariki, hata mtu aje kusema wenye mashamba wasingeweza kuijua. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipanda bonde la Pangani mpaka Vuga, huko Usambara, mwanzoni mwa 1857, kisha mwaka huohuo akaelekea bara kwa njia ya misafara. Aliyoyaandika kuhusu Wanyamwezi yanajulikana: upagazi kwao ulikuwa ufundi na heshima, na mtoto wa kiume alianza kubebeshwa pembe ndogo za ndovu akiwa bado mdogo ili mabega yake yazoee. Hicho ndicho kitalu ninachokisema. Mpagazi aliyekomaa alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi kadhaa. Lakini alifika kwenye uzito huo kwa kupanda ngazi moja moja, na hata alipokuwa mzoefu msafara ulikuwa na taratibu zake: kuondoka alfajiri, kutua kambi kabla jua halijawa kali, kudai posho na kugoma isipotolewa. Jamii iliyolea wapagazi ilijua kwamba nguvu hutengenezwa. Wanyamwezi na Wasukuma wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya Tanga, na wakulima wa Kizungu waliwasifu sana. Waliisifu nguvu hiyo wasiulize ilitengenezwa wapi na kwa gharama ya nani.

Reli ya Usambara ilianza Tanga, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kila ilipopita, ardhi ya pande zote mbili ikawa na thamani kwa mwenye shamba, kwa sababu mkonge ni mzigo mzito usiostahimili safari ndefu ya mabegani. Hapo ndipo njaa ya watu wa kazi ilipoanza. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ilibuni kadi ya kazi: mwanamume alitakiwa kuwafanyia Wazungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyejaza kadi yake alikuwa na kesi. Tazama jinsi kadi hiyo ilivyomtazama binadamu. Siku zote 30 zilikuwa sawa mbele yake. Siku ya kwanza, ambapo mtu hajui kushika kisu, ilihesabiwa sawa na ya 30, ambapo mkono umekwisha kukomaa. Akisha kukomaa anaachiwa aende, na mwingine mgeni anaingia. Mwenye kutaka kazi bora angetafuta njia ya kumfanya mtu akae, ajifunze, ale vizuri. Kadi ilifanya kuchoka kwa mtu mmoja kusiwe hasara ya shamba, maadamu wa kumrithi yuko.

Sasa tuisogelee kazi yenyewe, maana bila kuiona hatuwezi kupima madai ya uvivu. Mkataji huingia kwenye mstari kabla jua halijachomoza, kwani saa nne ikishapiga hakuna kivuli: mkonge hautoi kivuli cha kumfaa mtu. Huinama mpaka shina la chini, hukata jani kwa pigo moja karibu na kitako, hulinyanyua, hukata mwiba wa nchani ulio mgumu kama sindano ya kushonea magunia, hulilaza. Majani 30 hufungwa kuwa fungu moja. Jani lililokomaa lina uzito wa kama nusu kilo au zaidi, kwa hiyo fungu halipungui kilo 15. Mtu aliyekata mafungu 70 kwa siku amekata majani 2,100, maana yake ameinama mara 2,100, kisha amebeba zaidi ya tani moja ya majani, fungu kwa fungu, mpaka kwenye reli ya toroli. Utomvu wa jani huwasha ngozi mpaka ikafura, na mgeni ambaye hajajua kugeuza kiganja huupata kwenye mikono, tumbo na mapaja. Halafu kuna jambo linalouma zaidi: katika uzito wote huo, singa, yaani nyuzi za mkonge, ni kama sehemu nne tu kwa mia. Tani moja aliyoibeba mtu kwa mgongo wake hutoa kilo 40 za singa, na zilizobaki ni maji na makapi yanayomwagwa nyuma ya kiwanda.

Hapa hujitokeza pingamizi la kwanza, na ni la haki. Watu hawa walikuwa wakulima. Mbena, Mngoni, Muha au Mzigua aliyezaliwa na jembe mkononi alihitaji kuzoea nini? Jibu liko kwenye neno ngwe. Shambani kwake mkulima hupima ngwe yake mwenyewe. Mvua ikichelewa anapumzika, akiugua nduguye anamlimia, kazi ikizidi anapika pombe na kuita kiwili, yaani kazi ya pamoja. Kazi ya mwaka ina kilele na bonde, na mwili hufuata. Mkonge hauna msimu. Jani likishakatwa lazima lifike kwenye korona, ile mashine ya kupondaponda majani na kutoa singa, kabla halijakauka, na korona ikisimama kiwanda kizima kinasimama: wa brashi hana kazi, wa kuanika hana singa, wa kufunga marobota anakaa. Ngwe ya mkataji ilipimwa kwa tumbo la mashine. Kwa hiyo mkulima hodari aliyefika Ngombezi alikuwa na nguvu, lakini mwendo ulikuwa mgeni kwake. Na anayejua kutembea mwendo mrefu hajui mbio kwa sababu hiyo tu.

Waingereza walipoitwaa nchi, walikuta mfumo huo wakaupanua. Mfanyakazi wa mkataba kutoka mbali aliitwa manamba, kwa sababu alipewa namba, na namba hiyo ndiyo aliyojulikana nayo kwa karani na nyapara. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma, Umakonde, na wengine nje ya mipaka, Rwanda na Burundi. Ni lazima tukumbuke ramani ya reli ya wakati huo. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa mpaka 1963, ilipojengwa njia ya kutoka Ruvu mpaka Mnyusi. Kabla ya hapo mtu aliyeshuka upande wa Morogoro na kutaka kufika Korogwe alivuka nchi kavu ya Handeni kwa miguu, na baadaye kwa lori. Handeni yenyewe imeandikwa katika historia kwa njaa zake, ikiwemo ile ya miaka ya kwanza ya 1930. Mara nyingi wenyeji hawakuwa na chakula cha kumuuzia mpita njia hata kama ana senti. Idara ya Kazi ilipoanzishwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne, mojawapo ya shughuli zake ilikuwa kuweka kambi za mapumziko kwenye njia kuu za manamba, jambo linaloonyesha kwamba serikali ilijua watu walikuwa wakifika wamedhoofu. Mwaka 1931, fedha zilipopungua kwa mdororo wa uchumi wa dunia, idara hiyo ilivunjwa. Bei ya mkonge ilipoanguka, kilichokatwa mapema ni matunzo ya mwili wa mtu.

Aliyefika alikuwa na mapambano mengine. Mtu wa nyanda za baridi, ambaye malaria kwao ilikuwa nadra, aliteremka kwenye bonde la joto lenye mbu ambao damu yake haikuwajua. Minyoo ya safura iliingia miguuni kwa wasio na viatu, katika kambi zisizo na vyoo vya maana, ikawanyonya damu wanayohitaji kwa kazi. Chakula kilikuwa unga, maharage, chumvi, na kitoweo cha nyama au samaki kwa nadra. Tena mwanamume aliyekwishakata ngwe yake alirudi kujipikia mwenyewe, kwa kuwa manamba wengi walikuja bila wake. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mithali hiyo hutumiwa kumkemea mgeni mvivu, lakini isome upya: hata katika ukali wake inamwekea mgeni siku mbili za kula na kulala kabla ya kazi. Yako mashamba ambayo hayakufikia ukarimu wa mithali.

Pingamizi la pili husema kwamba hayo yote yalikuwa hiari: hakuna aliyefungwa kamba, watu walifuata fedha. Ni kweli kwamba wengi walikwenda wenyewe, na fedha za mkonge zilinunua baiskeli, nguo na mahari. Lakini kodi ilidaiwa kwa fedha, na mahali pasipo zao la biashara, fedha ilikuwa Tanga. Tena tuwaangalie waliokuwa na hiari kweli, yaani majirani wa mashamba: Wasambaa, Wabondei na Wazigua. Wao waliingia kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambazo hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kufanya kazi siku tatu, akaenda kupalilia mahindi yake, akarudi. Na kwa kawaida walikwepa kukata, wakapendelea palizi, kuanika singa na kazi nyingine nyepesi. Kisu kiliachiwa manamba. Wenye mashamba walilalamika miaka mingi kuhusu utoro huu. Mimi nauona kuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Mtu mwenye shamba lake karibu alijitengenezea kitalu chake mwenyewe: aliingia kazini kidogo kidogo, akala chakula cha nyumbani, akapumzika mwili ulipodai. Manamba hakuwa na pa kurudi, ndiyo maana alionekana mchapakazi. Tofauti kati ya mtoro na hodari ilikuwa umbali wa kwao.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliipima hoja hii kwa upande mwingine. Mwaka 1942 Wajapani walipozitwaa Ufilipino na visiwa vya Indonesia, nchi za Washirika zilipoteza vyanzo vyao vikubwa vya kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ikaandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani. Vita ilipokaribia kwisha, na lazima ikitarajiwa kuondolewa, chama cha wakulima wa mkonge kiliunda mwaka 1944 ofisi ya pamoja ya kutafuta watu, SILABU. Hapo ndipo pingamizi la tatu linapopata nguvu: SILABU ilileta malori, vituo vya kupumzikia, blanketi, uchunguzi wa afya na chakula cha njiani, na mashamba mengi yalijenga nyumba bora na zahanati. Je, si uthibitisho kwamba wenye mali walijali? Yalikuwa mabadiliko ya kweli, na kuyakana ni kuidanganya historia. Lakini tuyapange kwa mfuatano wa wakati. Elimu kuhusu malaria, safura na lishe ilikuwapo kabla ya hapo, na ripoti za miaka ya 1920 zilikwisha kusema. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa adimu, na sasa mwenye shamba alimlipia manamba nauli ya kumleta. Mtu aliyegharamiwa nauli akiugua wiki ya pili ni hasara iliyoandikwa kwa wino katika daftari la shamba. Alitunzwa kuanzia siku udhaifu wake ulipoanza kuwa hasara ya mwenye shamba.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 migomo ilienea katika mashamba, ukiwemo ule wa Mazinde, njia ya Mombo, mwaka 1958, na chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kikawa na sauti. Madai yao yaligusa mshahara na haki ya kutambuliwa, lakini pia ukubwa wa ngwe, kwani mtu anaweza kuongezewa senti kwa mkono wa kulia na kuongezewa mafungu kwa mkono wa kushoto. Uhuru ulipopatikana mvutano haukwisha: kiongozi wa chama hicho, Victor Mkello, alipelekwa kizuizini Sumbawanga mwaka 1963 na serikali ya wananchi. Mishahara ilipanda, na mara wenye mashamba wakagundua kwamba wanaweza kuendesha kazi kwa watu wachache kuliko walivyodai miaka yote. Manamba hawakuletwa tena, SILABU ikafungwa katikati ya miaka ya 1960. Na hata hivyo mwaka 1964 nchi ilitoa mkonge mwingi kuliko wakati wowote, kama tani 230,000. Waliosema kwamba zao hili haliwezi kuishi bila bahari ya watu wapya wanaochoka na kubadilishwa walijibiwa na takwimu zao wenyewe. Anguko lililofuata, ambalo wengine huliegemeza kwenye madai ya wafanyakazi peke yake, lilikuja pamoja na kamba za plastiki zilizoangusha bei duniani, na baada ya mashamba mengi kutaifishwa 1967 usimamizi wake nao uliyumba.

Mashamba ya serikali yalibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ngombezi ikawa chini ya Katani Limited pamoja na Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, na ukaingizwa mpango wa wakulima wadogo: mtu hupewa eneo ndani ya shamba la zamani, hupanda mkonge wake, na korona ya shamba humsindikia. Baadaye vikaja vyama vya ushirika vya wakulima hao. Ni mageuzi makubwa, kwani mjukuu wa manamba anaweza leo kuitwa mkulima wa mkonge katika ardhi ambayo babu yake aliijua kwa namba. Hata hivyo jani bado linakatwa kwa kisu, kwa mkono, kwa kuinama, na malalamiko yanayosikika zaidi ni uhaba wa wakataji. Maelezo yanayotolewa ni ya zamani: vijana wa siku hizi hawapendi kazi, wanakimbilia bodaboda. Mkulima mdogo anayesema hivyo amerithi shamba pamoja na hesabu yake. Naye humlipa mkataji kwa kiasi alichokata, na kwa malipo hayo kijana wa wiki ya kwanza, ambaye viganja vyake vinatoka damu na ambaye anafikisha nusu ya mafungu ya mwenzake, hupata nusu ya fedha katika wiki ambayo mwili wake unahitaji chakula zaidi. Akiondoka siku ya nne anaitwa mvivu. Zipo njia zisizohitaji mashine mpya wala mtaji mkubwa: ujira usioshuka chini ya kiwango fulani katika wiki za mwanzo, ngwe inayokua hatua kwa hatua, glavu na buti, uji mzito saa nne. Mkulima huyohuyo, jioni, hupita kitaluni kuangalia miche yake. Ule uliolegea hautukani. Anaumwagilia maji na kuuacha mpaka msimu ujao.